Mshindani Wako ni Nani?

Liko swali ambalo wazazi na waalimu wa watoto hukutana nalo kila mara vijana wanapokusanywa kwa mashindano, wala si swali dogo ingawa latoka mchezoni. Swali ni hili: Mtoto aliyefundishwa nyumbani na kanisani kumpenda mwenzake kama nafsi yake, yampasa afanyeje anapoketi mbele ya mwenzake huyo, na kazi aliyopewa ni kumshinda? Wengine hujibu upesi kwamba mchezo ni mchezo tu, hauna neno. Lakini mtu aliyewahi kuona mtoto akilia kwa kushindwa, au baba akimkaripia mwanawe mbele ya watu kwa sababu ameleta nyumbani nafasi ya pili, ajua ya kuwa mna neno ndani yake. Basi na tulitazame polepole.

Tuweke mfano. Vijana wawili wameketi mezani katika mashindano ya vijana. Mmoja ni mtoto wa mkulima wa Karatu, ambaye wazazi wake hulima mahindi na ngano katika udongo ule mwekundu. Mwingine ameshuka kutoka Ngorongoro, na wazazi wake ni wafugaji. Kati yao pana ubao wa sataranji. Wa kwanza ana miaka kumi na minne, naye amefundishwa mchezo huu miaka mitatu. Wa pili ana miaka kumi na mmoja, ameanza mwaka huu huu. Yule mkubwa aona wazi kwamba kwa hatua mbili mfalme wa mdogo atakwama. Tena aona midomo ya mdogo ikitetemeka, na nyuma yake wamesimama ndugu zake waliokuja kumtazama. Afanye nini?

Wazee wawili wamesimama kando. Wa kwanza asema moyoni, “Na amwachie mdogo ashinde. Ndio upendo.” Wa pili asema, “Na ampige bila huruma, ili mtoto ajue dunia ilivyo.” Mimi nadhani kila mmoja wa wazee hawa ameshika nusu ya jambo, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyo kubwa.

Kabla ya kuwajibu, yafaa tuujue mchezo wenyewe, maana si wote kati yetu waliouona. Sataranji ulianza katika nchi ya Hindi, ukapita Uajemi, ukapokewa na Waarabu, nao ndio waliotupa jina hili tunalolitumia. Ubao wake una miraba 64, na kete ni 32, kumi na sita kwa kila mchezaji: mfalme, malkia, ngome, farasi, na askari wadogo walio mbele, pamoja na kete ile ambayo Waarabu waliiita tembo na Waingereza huiita askofu. Hapana bahati ndani yake; hakuna kura wala dadu. Yote yaliyopo mezani yaonekana na wote wawili. Kwa hiyo anayeshindwa hawezi kusema kwamba alifichwa neno.

Mtu asifikiri kwamba mchezo wa namna hii ni jambo geni kwetu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, kana kwamba hesabu za sataranji zimegeuzwa tu. Wamasai wana bao lao, huliita enkeshui. Huko Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mahali alipochimba Mary Leakey tangu mwaka 1937, yaonekana mashimo ya bao yaliyochongwa katika mwamba wenyewe. Watu waliokwisha kusahauliwa majina waliketi hapo, wakashindana kwa akili, wakaondoka, na jiwe likabaki. Basi kuketi wawili mbele ya ubao ni desturi ya kale katika Afrika ya Mashariki, hatukuipokea jana.

Tena lugha yetu yenyewe yatupa la kufikiri. Neno kushinda lina mtu mmoja aliye juu. Neno kushindwa lina mtu mmoja aliye chini. Lakini neno kushindana lina watu wawili, nalo limeundwa kwa mkia ule ule wa kupendana, kusaidiana na kusameheana. Hakuna awezaye kushindana peke yake, kama vile hakuna awezaye kupatana peke yake. Ni kweli kwamba kupigana na kuchukiana nayo yana mkia huo. Kwa hiyo mkia wa neno hautoshi kutuambia kama jambo ni jema. Watuambia tu kwamba jambo hili ni la wawili, na ya kwamba wema wake au ubaya wake utatoka kwa hao wawili. Sasa twaweza kuwageukia wazee wetu.

Mzee wa kwanza ataka mkubwa amwachie mdogo. Moyo wake ni mzuri, lakini na tuangalie kile anachotaka kitendeke. Vijana wale walipoanza walipeana mikono. Kupeana mikono kule ni ahadi, ingawa haikutamkwa: Nitacheza kwa akili zangu zote, nawe utacheza kwa akili zako zote. Mkubwa akiacha makusudi hatua iliyo njema na kuchagua mbaya, amevunja ahadi hiyo kwa siri. Mdogo atasimama, atashangiliwa, atarudi nyumbani na kusema, “Nimeshinda.” Naye hakushinda. Amepewa kitu bandia, na aliyempa ndiye peke yake ajuaye kwamba ni bandia. Je, huu ni upendo? Mtu akimlipa maskini kwa sarafu isiyo ya kweli, hatusemi kwamba amemhurumia.

Lakini liko jambo zito kuliko uongo huo. Anayemwachia mwenzake kwa siri amekwisha kumhukumu moyoni. Amesema, “Huyu hawezi kuvumilia ukweli. Huyu si mtu wa kushindana nami. Ni mtu wa kutunzwa.” Hapo ameondoka katika kiti cha mwenzi, akapanda katika kiti cha bwana, na mdogo hana habari. Dharau iliyovaa nguo za huruma ni ngumu kuitambua, na kwa sababu hiyo huumiza sana siku inapofunuliwa. Waulizeni watoto, watawaambia: mtoto aliyegundua kwamba aliachiwa hulia kwa uchungu kuliko yule aliyeshindwa.

Katika jambo hili tunao mfano wa kweli, nao si wa mbali. Katika Kampala, mji mkuu wa Uganda, mna mtaa wa maskini uitwao Katwe. Huko Robert Katende, aliyekuwa akifanya kazi ya kuwalea watoto kwa njia ya michezo katika huduma ya Kikristo, alianza kwa mpira. Akaona kwamba wako watoto wasiocheza mpira, husimama kando wakitazama tu. Kwa ajili ya hao akaleta sataranji. Mwaka 2005 akaja msichana wa miaka kama tisa, Phiona Mutesi. Babaye amekwisha kufa, mamaye ahangaika kutafuta chakula, naye mwenyewe alimfuata kaka yake mahali pale kwa sababu watoto walikuwa wakipewa kikombe cha uji. Aliyemwonyesha kwanza jinsi kete zinavyokwenda alikuwa msichana mdogo kuliko yeye. Kisha akaketi mbele ya wavulana, akashindwa, akaketi tena, akashindwa tena, hata siku ikafika akaanza kuwashinda.

Mwaka 2009 Phiona na wavulana wawili wa Katwe, Benjamin Mukumbya na Ivan Mutesasira, walikwenda Juba katika mashindano ya watoto kutoka nchi mbalimbali za Afrika, wakarudi na ushindi. Mwaka 2010 alikwenda Khanty-Mansiysk, katika nchi ya Urusi, kwenye mashindano makubwa ya mataifa. Huko alikutana na Dina Kagramanov, bingwa wa wanawake wa Kanada, akashindwa. Katika safari ile alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Lakini Kagramanov, aliyemshinda, ndiye aliyeshuhudia baadaye kwamba msichana huyu ana kipawa cha kufikiri kipitacho umri wake. Na mwaka 2012, huko Istanbul, Phiona alipata cheo cha kwanza cha ubingwa ambacho chama cha ulimwengu hutoa kwa wanawake.

Ndugu msomaji, pima mwenyewe. Kama wavulana wa Katwe wangalimwonea huruma mtoto yule yatima na kumwachia, angalifika Urusi akiwa na nini? Angalikuwa na sifa nyingi na akili isiyonolewa. Wao walimpa kitu bora kuliko ushindi: walimpa upinzani wa kweli. Na yule bingwa wa Kanada alimheshimu kwa njia mbili, kwanza kwa kumshinda kwa nguvu zake zote, kisha kwa kumsifu. Sifa yake ilikuwa na uzito kwa kuwa haikutanguliwa na uongo.

Labda mzee wa kwanza atajibu, “Je, basi hakuna mahali pa huruma?” Papo, tena pakubwa, lakini pana wakati wake. Tangu zamani mabingwa wa sataranji walipocheza na wanafunzi walikuwa wakiondoa kete yao moja kabla ya kuanza, pengine farasi, pengine hata malkia, ili nguvu zikaribiane. Hii ni huruma ya wazi: wote wawili waijua, wote wawili wameikubali, na baada ya hapo kila mmoja hucheza kwa nguvu zake zote. Katika mashindano ya vijana ya ulimwengu hawaondoi kete, lakini hugawa watoto kwa umri: walio chini ya miaka 8, chini ya 10, chini ya 12, na kuendelea hata 18. Hiyo nayo ni huruma iliyowekwa mwanzoni, mbele ya macho ya watu wote. Kwa hiyo katika mfano wetu, kama kuna mwenye kosa, si kijana wa miaka kumi na minne anayeona hatua mbili mbele. Ni watu wazima waliomkutanisha na mtoto wa miaka kumi na mmoja, kisha wakamtaka yeye aliye kijana arekebishe kwa hila lile walilolikosa wao katika kupanga.

Sasa tumgeukie mzee wa pili, yeye asemaye, “Na ampige bila huruma.” Yeye ameshika kweli moja, ya kwamba mchezo wa kweli wataka nguvu zote. Lakini afikiri kwamba mshindani ni adui, na kwamba ushindi ni kumwondoa adui mbele yako. Hapa amekosea sana, na shahidi wa kosa lake ni mwana wa Karatu.

Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. Tarehe 2 Februari 1974, katika mji wa Christchurch, New Zealand, akiwa kijana wa miaka ishirini, alisimama katika mbio za mita 1500 kwenye michezo ya nchi za Jumuiya ya Madola. Pamoja naye walikuwamo John Walker, kijana wa nchi ile ile, aliyeshangiliwa na watu wa kwao, na Ben Jipcho wa Kenya. Bayi hakungoja. Alitoka mbele tangu mwanzo na kukimbia mbele mbio zote, ambalo ni jambo gumu, kwa kuwa aliye mbele hana wa kumfuata, na walio nyuma humpima yeye. Mwishoni Walker alimkaribia, karibu kabisa, lakini hakumfikia. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya ulimwengu iliyokuwa imewekwa na Jim Ryun wa Marekani mwaka 1967, yaani dakika 3 na sekunde 33.1. Na Walker, aliyeshindwa, alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.5. Yaani huyu wa pili naye alikuwa amekimbia kwa kasi kuliko mtu yeyote aliyepata kukimbia mbio zile kabla ya siku ile.

Tulifikiri neno hili. Je, Walker alimnyang'anya Bayi kitu kwa kumfuata kwa nguvu namna ile? Je, Bayi alimdhuru Walker kwa kukimbia mbele yake? Kila mmoja alimvuta mwenzake mpaka mahali ambapo hakuna mtu aliyepata kufika. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei 1975, Bayi alivunja rekodi ya maili moja huko Kingston, Jamaika, kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Miezi mitatu baadaye Walker akaipita huko Göteborg, Uswidi, kwa dakika 3 na sekunde 49.4, akawa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 3 na sekunde 50. Hivyo ndivyo watu wawili wanavyonoana.

Kisha ikaja mwaka 1976. Watu walingoja kuwaona wawili hawa katika michezo ya Olimpiki huko Montreal. Lakini timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, wakati nchi ile ilipotawalwa kwa ubaguzi wa rangi, na nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, hazikushiriki michezo ile. Hatusemi hapa kama uamuzi ule ulikuwa mwema au mbaya. Twatazama tu jambo lililotokea uwanjani. Walker alishinda, akapata medali ya dhahabu. Muda wake ulikuwa dakika 3 na sekunde 39.2, karibu sekunde saba nyuma ya muda aliokimbia Christchurch aliposhindwa. Ushindi wake ulikuwa halali kabisa, na mbio za namna ile mara nyingi huanza polepole. Hata hivyo mtu aliyeziona mbio zote mbili aweza kuuliza ni siku gani Walker alikuwa mkubwa zaidi: siku aliyokuwa wa kwanza, au siku aliyokuwa wa pili nyuma ya kijana wa Karatu? Mzee wa pili ataka mshindani aondolewe. Montreal mshindani hakuwapo, nasi twaona kilichokosekana.

Kwa hiyo mshindani wako si adui yako, wala si mtu wa kuhurumiwa kwa siri. Ni mtu anayekupa kitu ambacho rafiki anayekusifu hawezi kukupa, yaani kipimo cha kweli cha nguvu zako. Nasi tusomao habari za Yakobo twajua ya kwamba alishindana mweleka usiku kucha hata alfajiri, akaondoka akichechemea, tena amebarikiwa. Vyote viwili vilitoka kwa mkono mmoja.

Lakini likibaki hapo, neno letu lingekuwa pungufu. Maana mtu aweza kucheza kwa nguvu zote, bila hila, na bado akamwangamiza mwenzake. Nguvu zote zataka mpaka. Mpaka huo nao uwekwe kabla ya kuanza, wala usingojewe hasira ikiwaka.

Hapa twaweza kujifunza kwa jirani zetu ambao mara nyingi tumewadhania kuwa hawana la kutufundisha. Katika bonde la Ziwa Eyasi, upande wa Mang'ola, wanaishi Wahadzabe, watu wa upinde na asali. Mwanachuoni mmoja Mwingereza, James Woodburn, aliyekaa kati yao katika miaka ya 1950 na baadaye, ameandika habari za mchezo wao uitwao lukuchuko. Wanaume hurusha pamoja vipande vya maganda ya mti hata vigonge shina, na kwa jinsi vinavyoanguka hujulikana nani ameshinda. Waliwekeana mishale ya vichwa vya chuma, visu, shanga, na vitu vingine. Kanisa halifundishi kamari, wala mimi siisifu. Lakini liko sharti moja katika mchezo ule lililonifanya nifikiri sana: upinde wa mtu hauwekwi, wala mishale yake isiyo na chuma, wala mfuko wake wa ngozi. Mtu aweza kupoteza mishale ya chuma yote aliyo nayo, lakini kesho asubuhi atatoka kwenda kuwinda kama watu wengine. Tena Woodburn aliona kwamba vitu vilivyopotezwa leo hurudi kesho kwa mwingine, hata hapana mtu awezaye kukusanya mali na kuwa bwana juu ya wenzake.

Sasa tazameni sataranji, nayo ina sharti linalofanana na hilo. Kete zote zaweza kuliwa na kuondolewa ubaoni, lakini mfalme haliwi kamwe. Mchezo hukoma pale alipokosa njia, kabla mkono wa mshindi haujamgusa. Na katika bao la Kiswahili kete iliyoliwa haitupwi nje. Hupandwa upande wa pili, ikaendelea kucheza. Watu wa nchi mbalimbali, wasioonana, wameona jambo moja: mashindano yasiyo na mpaka hayawezi kurudiwa, kwa kuwa aliyeshindwa hana tena cha kuchezea. Katika watoto wetu, upinde usiowekwa ni heshima yao. Mtoto ashindwe kete zake zote, lakini asiwekwe yeye mwenyewe mezani. Anayemcheka aliyeshindwa, anayetaja kabila lake, umaskini wake, au jina la baba yake, amegusa mfalme.

Nasi wa pande hizi tunayo sababu kubwa ya kuwafundisha vijana jambo hili mapema. Kati ya mkulima na mfugaji kuna mashindano ambayo si mchezo: juu ya maji, juu ya malisho, juu ya njia ya ng'ombe inayopita kando ya shamba. Huko Ngorongoro, tangu ilipowekwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1959, mambo ya watu, mifugo na wanyama wa porini kukaa mahali pamoja yameleta maswali ambayo hata leo hayajakwisha. Siku moja vijana hawa wawili watakuwa watu wazima, nao wataketi katika mabaraza, pengine kila mmoja upande wake. Huko haitakuwa kete za mti. Aliyekwisha kujifunza mezani kwamba aweza kushindwa na bado akabaki mtu, tena kwamba aweza kushinda bila kumfanya mwenzake kuwa si kitu, ataingia barazani na moyo mwingine. Asiyejifunza, kila neno atakalokataliwa ataliona kuwa vita.

Labda mtu atasema, “Lakini mtoto wangu hulia anaposhindwa. Je, si afadhali aache?” Namjibu kwamba machozi si dhambi, wala si dalili kwamba mchezo ni mbaya. Alia kwa sababu alikuwa amejitoa kwa kweli. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Hawakusema kwamba asiyeumia kwa kushindwa ndiye mshindani. Kukubali si kutosikia uchungu. Kukubali ni kunyosha mkono ukiwa ungali na uchungu. Mwacheni alie, kisha mkae naye.

Basi kijana wetu wa Karatu afanye nini? Acheze hatua yake iliyo njema, kwa utulivu, bila kuigonga kete mezani na bila kutazama huku na huku kutafuta wa kumshangilia. Amnyoshee mwenzake mkono. Kisha afanye lile ambalo wachezaji wengi wa sataranji hulifanya kwa desturi yao njema: wazirudishe kete mahali pake, waupitie mchezo tena wakiwa pamoja, amwonyeshe mdogo ni wapi alipopotea njia, naye asikie kutoka kwa mdogo ni wapi alipomtia hofu. Hapo ndipo mahali pa huruma aliyoitafuta mzee wa kwanza. Haikupotea, ilikuwa ikingoja mchezo uishe. Na mwaka ujao mdogo atakapomshinda mkubwa, mkubwa atakuwa amepata mshindani, naye atajua kwamba alishiriki kumlea.

Kwa ninyi waalimu wa watoto, naongeza maneno machache ya kazi. Wapangeni watoto kwa umri na kwa ujuzi, ili msimwachie kijana mzigo ulio wenu. Wafundisheni sheria ya mchezo kwamba kete uliyoigusa makusudi sharti uicheze, nanyi waelezeni kwa nini: mkono wako umekwisha kusema, usiufanye mwongo. Msiwaweke wasichana kando kuwa watazamaji, kumbukeni Katwe. Msitangaze aliyeshinda bila kumtaja aliyekuwa wa pili na kile alichokifanya vema. Na mkimaliza, uji wapewe wote katika vikombe vilivyo sawa, aliyeshinda na aliyeshindwa, tena wakae kwenye benchi moja.